Ngoma Iliyovuka Ziwa: Nyimbo Kugeuzwa kwa Mashine, Kutoka Ufuko wa Tanganyika hadi Dar es Salaam

Neno ngoma ni moja katika maneno ya Kibantu yaliyosafiri mbali, na kila lilipotua lilipata maana nyingine bila ya kuitupa ile ya kwanza. Katika Kirundi, ingoma ni chombo kipigwacho, tena ni ufalme na utawala wenyewe. Katika Kiswahili cha pwani, ngoma ni chombo, lakini pia ni mchezo mzima pamoja na nyimbo zake, mavazi yake na watu wake. Na katika Kiswahili cha vijana wa leo, mtu asemapo kwamba mwimbaji fulani ametoa ngoma mpya, hakusudii chombo wala mchezo: akusudia wimbo uliokwisha kurekodiwa, ambao waweza kuchezwa mahali popote, mwenyewe akiwapo au asiwepo.

Maana hii ya tatu ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Wimbo uliorekodiwa ni kitu kinachoweza kukatwa, kuunganishwa, kukimbizwa au kucheleweshwa. Wapo wanamuziki, katika Afrika Mashariki na ng'ambo, ambao kazi yao ni hiyo: huuchukua wimbo unaojulikana na wengi, wakautia ndani ya mashine za umeme, wakautoa ukiwa na sura ya ajabu ambayo pengine mtungaji wa kwanza asingeitambua. Watu wengine huziona kazi hizo kuwa ni uharibifu, na wengine huziona kuwa ni ufundi mpya. Sisi hapa twauliza jambo moja tu, lililo karibu zaidi na kazi ya wanafunzi wa lugha: wimbo ugeuzwapo namna hiyo, maneno yake huenda wapi, na majina ya wenyewe huenda wapi?

Ili kulijibu swali hilo tutaanzia Ujiji, kwa sababu mji ule ulijifunza zamani kupokea vitu kutoka mbali na kuvipeleka mbele vikiwa vimebadilika. Burton na Speke walipofika pale mwezi wa Februari, 1858, Ujiji ulikuwa tayari ni kituo cha misafara itokayo pwani kupitia Tabora. Pembe na watumwa walivushwa kutoka Manyema, ng'ambo ya magharibi ya ziwa; nguo, shanga na bunduki zilivushwa kwenda huko. Livingstone aliufikia mji huo mara ya kwanza mwaka 1869, na mwaka 1871 Stanley alimkuta hapo. Hayo yameandikwa katika vitabu vingi. Lisiloandikwa sana ni kwamba pamoja na shehena zile ilivuka pia lugha.

Kiswahili kilichopanda mitumbwi ya Ujiji kilikuwa kile cha waungwana wa misafara. Kilichoota mizizi upande wa pili kiliitwa Kingwana, na kwa muda kikawa na mwenendo wake chenyewe. Watoto wakawa batoto, maji yakawa mayi, na ngeli kadhaa zikaungana au zikaachwa. Wataalamu wa kwanza walikiita Kiswahili kibovu. Wataalamu waliofuata walitambua kwamba lugha ile ilikuwa na kanuni zake, na kwamba mamilioni ya watu wa mashariki ya Kongo waliitumia kwa biashara, kwa ibada na kwa nyimbo. Twakumbusha habari hii kwa sababu hukumu iliyotolewa juu ya Kingwana ndiyo itolewayo leo juu ya nyimbo zilizogeuzwa. Yafaa basi kuwa waangalifu kabla ya kuitoa mara ya pili.

Tena, kugeuza wimbo wa mwingine si desturi iliyoletwa na umeme. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa walizitazama bendi za kijeshi za Wazungu, wakatunga ngoma ya beni, yenye tarumbeta, gwaride, vyeo na mavazi ya kiaskari, na nyimbo za Kiswahili ndani yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia vyama vya Marini na Arinoti vilienea bara kwa kufuata kambi za askari na njia za reli. Na reli ya kati ilikuwa imekwisha kufika Kigoma mwaka 1914. Beni haikuwa bendi ya Kizungu iliyopigwa vibaya. Ilikuwa ngoma ya Waswahili iliyojengwa kwa vifaa vya bendi ya Kizungu, na maneno yake yalihusu mambo ya Waswahili wenyewe: mashindano, kejeli, na sifa za viongozi wa vyama.

Taarabu nayo yatoa mfano ulio wazi zaidi. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alizirekodi kwa Kiswahili nyimbo za namna ambayo zamani ilihusishwa na Kiarabu katika majumba ya wakubwa. Baadaye huko Mombasa, Juma Bhalo alipata sifa kubwa kwa kuyachukua mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi na kuyatia mashairi ya Kiswahili. Msikilizaji aliyekwisha kuiona filamu aliyatambua mahadhi mara moja. Lakini maneno yalikuwa ni ushairi wa pwani, wenye mafumbo yake, na kwa maneno hayo wimbo ulihesabiwa kuwa ni wa Kiswahili. Katika mifano hii yote mahadhi yaliazimwa, na maneno yakatungwa upya na watu ambao majina yao yalijulikana. Hilo tuliweke akilini, maana sasa twaja kwenye mfano ambao mambo yalikwenda kinyume.

Kaskazini ya Kigoma, ukiufuata ufuko wa ziwa, ndiyo nchi ya Burundi. Waha wa upande wetu na Warundi ni majirani wa karibu kwa lugha na kwa desturi, na mpaka ulichorwa baadaye sana. Huko Burundi ngoma za mfalme zilikuwa na heshima isiyo na mfano. Ngoma iitwayo Karyenda ilikuwa alama ya ufalme. Zile zilizopigwa hadharani zilikuwa na mpango maalumu: moja, inkiranya, huongoza katikati, zile ziitwazo amashakwe hushika mdundo usiokatika, na zile ziitwazo ibishikiso huifuata inkiranya popote iendapo. Shirika la UNESCO lilipoiingiza ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, lilieleza kwamba ndani yake mna mdundo, uchezaji, mashairi ya kishujaa na nyimbo. Yaani mdundo ni sehemu moja tu ya jambo zima.

Mwezi wa Novemba, 1966, ufalme wa Burundi uliondolewa na Micombero, na nchi ikawa jamhuri. Mwaka uliofuata, 1967, Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walikinasa kikundi cha ngoma 25 katika kijiji cha Bukirasazi. Sauti hizo zilitolewa na kampuni ya Ocora mwaka 1968 katika sahani ya santuri iliyoitwa Musique du Burundi. Msomaji na aitazame miaka hiyo kwa makini. Ingoma kwa maana ya ufalme ilikuwa imekwisha kuanguka. Ingoma kwa maana ya chombo ikatiwa ndani ya utepe. Lile neno moja lenye maana mbili likapasuliwa katika muda wa miezi michache tu.

Yaliyofuata ni haya. Mwaka 1971 ilitokea Ufaransa sahani iliyoitwa Burundi Black, yenye jina la Burundi Steiphenson Black. Nyuma ya jina hilo alikuwa mpiga piano na mpangaji wa muziki, Michel Bernholc, aliyejiita Mike Steiphenson. Alichofanya ni kuuchukua mdundo ule wa Bukirasazi kutoka katika utepe na kuutia juu yake piano na vyombo vya umeme. Wimbo ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza, ukafika nafasi ya 31. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell alikikata kipande cha ngoma za Burundi, akakifanya kijirudie mfululizo tangu mwanzo wa wimbo wake The Jungle Line hadi mwisho, akakipigia kinanda cha umeme cha Moog. Jambo hilo ni la kawaida leo, lakini wakati ule ilikuwa nadra kwa mwimbaji wa nyimbo za kupendwa kujenga wimbo mzima juu ya kipande kilichokatwa katika utepe wa watu wengine. Kisha, mwaka 1980 na 1981, vikundi vya vijana wa London, kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow, viliufuata mdundo huohuo kwa ngoma zao wenyewe; na mwaka 1981 Burundi Black yenyewe ikatengenezwa upya na Rusty Egan pamoja na Jean-Philippe Iliesco, ili ifae kwa kumbi za dansi.

Hivyo katika miaka 14 tangu kunaswa, ngoma ya Bukirasazi ilikuwa imepita katika mikono mingi na kugeuzwa mara nyingi. Hatusemi kwamba kazi hizo zilikuwa mbaya kwa masikio. Baadhi yake zilikuwa na ufundi mkubwa, na zilifungua njia ambayo wengi waliifuata. Lakini tukirudi kwenye swali letu, jibu ni chungu. Mashairi ya kishujaa hayakuvuka, nyimbo hazikuvuka, mpango wa inkiranya na wafuasi wake haukuelezwa kwa wasikilizaji. Jina lililovuka lilikuwa la nchi, si la mtu. Kijana wa London alilijua jina la Adam au la Steiphenson, lakini hakumjua hata mpiga ngoma mmoja wa Bukirasazi. Kilichochukuliwa kilikuwa mdundo usio na maneno, na kitu kisicho na maneno ni rahisi kukiita cha porini, kama jina la wimbo wa Joni Mitchell linavyoonyesha.

Burundi kwenyewe ngoma haijakoma kuwa jambo la utawala. Mwezi wa Oktoba, 2017, Rais Pierre Nkurunziza alitoa amri ya kusimamia upigaji wa ngoma hizo: wanawake walikatazwa kuzipiga, na waandalizi wa sherehe wakatakiwa kulipa ada. Mtu aweza kuipenda amri hiyo au kuichukia, lakini hawezi kusema kwamba ingoma imekuwa kelele tu. Neno limeishikilia maana yake ya kale hata baada ya chombo kuzunguka dunia.

Upo mfano mwingine kutoka Kongo, ambao watuonyesha kwamba jambo hilohilo laweza kufanywa kwa namna iliyo bora. Mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi alianzisha kikundi cha Konono Nº 1, kilichopiga muziki wa Wazombo kwa likembe zilizotiwa umeme. Vinasa sauti vyao vilitengenezwa kwa sumaku za vyuma vikuukuu vya magari, na mikwaruzo iliyotokea katika spika haikuondolewa, bali ilifanywa kuwa sehemu ya muziki. Mwaka 2010 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa mkusanyo ulioitwa Tradi-Mods vs Rockers, ambamo wanamuziki wa Ulaya na Amerika, wakiwamo Deerhoof, Juana Molina na Shackleton, walizichukua nyimbo za Konono na za Kasai Allstars, wakazigeuza kila mmoja kwa mtindo wake. Nyingine zilikuwa za ajabu kupita kiasi. Lakini katika mkusanyo huo vikundi vya Kongo vilitajwa kwa majina, na nyimbo zao za asili zilikuwa zimekwisha kutolewa na kampuni ileile, hivyo msikilizaji aliweza kuulinganisha mgeuzo na asili yake. Ni sawa na mhariri wa utenzi aonyeshaye nakala aliyoitumia.

Sasa na turudi nyumbani kwa kuifuata reli kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, mji ambao kwa vizazi vingi umewapokea watu wa Ujiji, Wamanyema na Waha miongoni mwao. Katika mitaa ya mji huo uliota muziki uitwao mchiriku, au mnanda, ambao wenye kuujua huuhusisha na ngoma za Wazaramo. Chombo chake kikuu ni kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho katika nchi nyingine kilinunuliwa kuwa mchezo wa watoto. Vijana wa mchiriku walikiunganisha na vikuza sauti vya zamani na spika za tarumbeta, wakakipiga kwa kasi juu ya ngoma za mkono, mpaka sauti yake ikapasuka na kuunguruma. Kikundi cha Jagwa Music, kilichoanza mwaka 1992, ndicho kilichojulikana zaidi nje, hasa baada ya santuri yake Bongo Hotheads kutolewa mwaka 2012 na kampuni ileile ya Brussels.

Baada ya mchiriku ilikuja singeli. Asili yake ni vigodoro, yaani ngoma za mtaani za kukesha katika vitongoji kama Manzese, Tandale na Mburahati. Methali husema kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Hii ya vijana wa uswahilini ilikesha, na sababu moja ni kwamba mpigaji wake alikuwa mashine. Mchezeshaji wa muziki aliuchukua mwanzo wa wimbo wa taarabu ya kisasa, ile sehemu ya vinanda kabla mwimbaji hajafungua kinywa, akaukata, akaufanya ujirudie, akauongezea mwendo. Utepe au sahani ukiuzungusha haraka, sauti hupanda juu pamoja na mwendo. Kompyuta yaweza kuuongeza mwendo na kuiacha sauti mahali pake, lakini watengenezaji wa singeli mara nyingi huiacha ipande, kwa kuwa ule wembamba wa sauti ndio waupendao. Ndipo mghani, ambaye vijana humwita emsii, alipoingia na kughani juu yake.

Studio ya Sisso, iliyoko Mburahati, ndiyo iliyoitoa sauti hiyo hadi mbali. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso. Mwaka 2018 ikafuata kazi ya Bamba Pana, Poaa. Na mwaka 2019 zikafuata Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke. Wakati huohuo waghani kama Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba walikuwa wakisikika nchini, katika redio na sherehe. Kwa hiyo singeli ina wasikilizaji wa namna mbili. Wale wa ng'ambo huusikia mdundo na kuustaajabia. Wale wa Manzese huusikia mdundo, lakini huyafuata maneno.

Hapo ndipo singeli inapoachana na Burundi Black. Katika ile sahani ya mwaka 1971 mashine iliuchukua mdundo na kuyaacha maneno. Katika singeli mashine huyaondoa maneno ya taarabu ili ipatikane nafasi ya maneno mengine. Ni desturi ileile ya Juma Bhalo na nyimbo za Kihindi: mahadhi ya kuazima, maneno ya nyumbani. Tofauti yake ni kwamba safari hii kilichoazimwa ni taarabu yenyewe, na mwazimaji ni kijana wa uswahilini ambaye pengine hakupata kukaa ukumbini.

Na maneno hayo yatungwa chini ya sharti gumu. Mwendo wa singeli huwa kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Na tuchukue mapigo 240: kila nukta moja ina mapigo manne. Mghani akitia silabi mbili katika kila pigo, atatamka silabi 8 kwa nukta. Kipande cha shairi letu la kawaida kina mizani 8, na mshororo una mizani 16. Basi kipande hupita katika nukta moja, mshororo katika nukta mbili, na ubeti mzima wa mishororo minne, wenye mizani 64, katika nukta nane. Katika lugha yenye konsonanti zilizorundikana mwishoni mwa silabi, ulimi ungejikwaa. Kiswahili, ambacho silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, na ambacho mkazo wake hukaa daima katika silabi ya pili kutoka mwisho, hulichukua sharti hilo kwa wepesi. Mwenye kuchunguza mizani ya Kiswahili atapata katika singeli jambo ambalo halikupata kujaribiwa na washairi wa zamani: vina vifikavyo kila nukta, na msikilizaji anayevidaka.

Wapo watakaosema kwamba maneno ya nyimbo hizo ni machafu au ya kipuuzi, na hayafai kuandikwa na watu wa chuo. Kwamba mengine ni ya ovyo hatukatai. Lakini mwaka 1903, Carl Velten alipozichapisha Desturi za Wasuaheli, ngoma za watu wa kawaida hazikuachwa nje. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye misafara yake ilipita Ujiji, hakuwa mshairi wala mwanachuoni. Aliyaandika maisha yake kwa hati za Kiarabu, Heinrich Brode akayageuza kwa hati za Kirumi, na baadaye jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki likayachapa kama nyongeza katika mwaka 1958 na 1959. Watu waliyahifadhi maandishi hayo kwa kuwa yalionyesha Kiswahili kilivyosemwa na watu wa wakati wake katika kazi zao. Mghani wa Mburahati naye asema Kiswahili cha wakati wake. Tofauti iliyopo ni kwamba maneno yake yapita kwa kasi ya silabi 8 kwa nukta, na mara nyingi hakuna aliyeyaandika, hata yeye mwenyewe.

Hatari basi si kwamba nyimbo zimegeuzwa. Hatari ni kwamba baada ya miaka 50 mwanafunzi atakuwa na mdundo bila ya maneno, kama vile msikilizaji wa London alivyokuwa na ngoma za Bukirasazi bila ya mashairi yake. Kanda na mafaili ya singeli yaliyotolewa Kampala na Ulaya yatadumu, kwa sababu yana wanunuzi na wahifadhi. Ughani wa kigodoro kimoja cha Jumamosi hautadumu usipoandikwa. Na wimbo wa taarabu uliokatwa ili kuzaa singeli huenda usijulikane tena, ikiwa hakuna aliyeonyesha kipande kimetoka wapi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inayohusu haki za watungaji. Lakini sheria humsaidia yule anayeweza kuonyesha kwamba kitu ni chake. Mpiga fidla wa taarabu ambaye nukta zake nne zimekimbizwa na kurudiwa mara elfu, jina lake lisipoandikwa mahali, hana la kuonyesha.

Ufuko wa ziwa nao una mfano wa jina lililohifadhiwa. Mwaka 2012 wasanii wa bongo fleva wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz na Mwasiti miongoni mwao, walikusanyika kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo uitwao Leka Dutigite, maneno ya Kiha yaliyofasiriwa kuwa ni mwaliko wa kujivuna. Ulikuwa wimbo wa kisasa, wenye midundo ya mashine kama nyimbo nyingine za bongo fleva za wakati wake. Lakini kwa sababu jina lake lilikuwa la Kiha, watu wengi ambao hawakupata kuisikia lugha hiyo walijifunza maneno yake mawili, wakajua yatoka wapi. Hilo ni dogo, ila latosha kuonyesha kwamba mashine haiyafuti maneno yenyewe; huyafuta pale wanaoitumia wasipoyajali.

Twapendekeza kwa hiyo kwamba taasisi zetu za lugha zizikusanye nyimbo zilizogeuzwa kwa utaratibu uleule utumikao kwa tenzi na mashairi. Kwa kila wimbo yaandikwe mambo matano: maneno yote kama yalivyoghanwa, pamoja na maelezo ya maneno ya mtaani; jina la mghani na la mtengenezaji; jina la wimbo ulioazimwa na la wenyewe, kadiri wanavyoweza kutambuliwa; mwendo wake kwa hesabu ya mapigo; na mahali ulipochezwa. Kazi hiyo yahitaji vijana wenye masikio mepesi, na yahitaji kufanywa wakati waghani wenyewe wangali hai na waweza kuulizwa walisema nini. Kwa ngoma ya Bukirasazi ya mwaka 1967, waliouchukua ule utepe hawakuwauliza wapigaji walikuwa wakiimba nini. Waghani wa Manzese na Mburahati wapo karibu, na swali hilo laweza kuulizwa kwa Kiswahili.